Askari na Mshahara Wake

Kila Januari namkumbuka askari wa Tanganyika Rifles, kikosi ambacho vijana wetu wengi hawajapata hata kukisikia. Kilianza na Uhuru wenyewe, Desemba 9, 1961, pale batalioni za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, zilizokuwa nchini zilipopewa jina jipya. Jina lilibadilika, wakubwa wengi walibaki Waingereza walewale. Batalioni ya kwanza ilikaa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa Tabora, huko treni yetu ya Mpanda inakotufikisha.

Kikosi hicho hakikutimiza miaka mitatu. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao na kuwasafirisha kwa ndege hadi Nairobi. Tabora nako kukaasi. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Walidai 260, tena walitaka Waafrika wapewe uongozi. Mjini Dar es Salaam maduka yaliporwa, watu wakafa. Mwalimu Nyerere ikambidi, kwa uchungu mkubwa, awaombe msaada Waingereza, na Januari 25 makomando wao wakatua Colito kwa helikopta. Kikosi kikavunjwa. Septemba 1 mwaka uleule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, ofisa kijana aliyejitahidi kurudisha nidhamu kule Tabora katikati ya maasi.

Katika Luka sura ya 3, askari wanamwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini. Hawaambii waache kazi. Anawakataza kudhulumu na kusingizia watu, anawataka waridhike na mshahara wao. Naisoma aya hii kwa uangalifu, maana ni rahisi kuigeuza kuwa kitambaa cha kumziba mdomo mwenye njaa. Madai ya wale askari yalikuwa ya kweli, nalisema hilo bila kusita. Lakini bunduki waliyoishika ilikuwa amana ya wananchi, na siku ile waliopaswa kulindwa ndio waliolala mitaani wamekufa.

Yakobo naye, sura ya 5, anawageukia wenye mashamba: ujira waliouzuia unapiga kelele, na Bwana anausikia. Maandiko haya mawili yasomwe pamoja. Mgambo wa kijiji, askari wa hifadhi ya Katavi, mlinzi anayekesha na rungu mlangoni pa duka lako, hao Yohana anawahusu. Lakini yule mlinzi akiwa na miezi miwili hajalipwa, wa kuhubiriwa kwanza ni wewe mwenye duka.

Huu ni msimu wa palizi. Wapo vibarua waliomaliza ngwe zao kwenye mahindi na tumbaku yetu, na bado wanaambiwa waje kesho. Nawaomba, anayedaiwa na kibarua asilete sadaka Jumapili hii kabla hajamlipa. Amfuate nyumbani kwake, amkabidhi fedha yake mkononi, na amwombe radhi kwa kumchelewesha.