Kununua Gari Si Kazi, Kazi Kulilea

Kuna swali linalozunguka katika nyumba nyingi za mijini mtu anapomaliza kujikusanyia fedha za gari la familia: nichukue gari la kawaida ambalo bado halijachoka, au kwa fedha hiyo hiyo nichukue gari la kifahari lililokwisha kula miaka? Mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam, mbele yake magari mawili ya viti saba yenye bei zinazokaribiana. Moja ni Toyota Sienta ya 2018, la pili ni BMW X5 ya 2008. "Kaka," aliniambia, "hili la pili ukiingia tu unajua umeingia kwenye gari."

Namwelewa, wala simlaumu mtu kwa kutamani kitu kizuri. X5 ilipotoka kiwandani lilikuwa gari la wenye nafasi: viti vya ngozi, injini yenye nguvu, mwili mzito unaotulia barabarani hata basi linapokupita kwa kasi. Mtu aliyesimama kwenye daladala tangu ujana wake ana haki ya kutaka watoto wake wakae vizuri. Lakini uzuri wa gari unaonekana pale pale yadini. Kisichoonekana ni nani atalilea kuanzia siku litakapoingia getini, na kwa fedha ipi.

Kwanza tukubaliane kuhusu umri. Sisi Tanzania tumezoea kupima upya wa gari kwa herufi ya kibao: namba C, namba D, namba E. Muuzaji akisema "hii ni namba E", bei imekwisha kupanda. Herufi ile inaeleza ni lini gari limesajiliwa nchini, haielezi ni lini limetoka kiwandani. Gari la 2006 lililoshushwa bandarini juzi linaweza kuvaa namba E, na la 2012 lililokuja mapema likawa namba C. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na yadi nyingi zinaishi kwa udhaifu wetu huo. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari kabla hujaanza kuulizia bei.

Halafu jiulize kwa nini gari lile liliachwa na mwenyewe wa kwanza. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inaongezwa. Uingereza, gari likitimiza miaka 3 linaanza kukaguliwa kila mwaka. Ndiyo maana wenyeji wa huko hufika mahali wakapiga hesabu, wakaona fedha za kulitunza zinakaribia thamani ya gari lenyewe, wakaliuza. Gharama ile waliyoikimbia haibaki Yokohama wala Southampton. Inapanda meli pamoja na gari na kushuka nalo Dar es Salaam au Mombasa.

Serikali zetu zimeliona jambo hili. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyofikisha miaka 15. Tanzania mlango haukufungwa, ila kwa miaka mingi kodi imekuwa ikimkumbusha mnunuzi: gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 limekuwa likitozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hata anayenunua yadini, ambako kila kitu kimekwisha kulipwa, ajue kwamba sehemu kubwa ya fedha anayotoa kwa gari kuukuu ni kodi. Kodi hiyo haiongezi nguvu ya injini wala uhai wa giaboksi.

Yupo fundi mmoja ninayemheshimu sana ambaye huwaambia wateja wake maneno haya: bei ya gari huzeeka, bei ya spea haizeeki. X5 ya 2008 imepoteza sehemu kubwa mno ya bei yake ya mwanzo, kiasi kwamba mwalimu au muuguzi anaweza kuifikia. Spea zake hazikushuka nayo. Bado zinauzwa kwa bei ya gari lililokusudiwa mtu mwenye kipato kikubwa. Baadhi ya magari haya yana springi za hewa upande wa nyuma, na mpira wake huchakaa kwa umri hata gari likilala gereji. Hitilafu ndogo ya umeme inataka fundi mwenye kompyuta inayosoma gari la aina hiyo, na mafundi hao wengi wako miji mikubwa. Ukiharibikiwa na Toyota pale Same au Korogwe, kuna uwezekano mkubwa wa kumpata fundi anayeijua, na spea zikikosekana kuna mtu wa kuzitafuta Gerezani, Kariakoo, na kuzipakia kwenye basi la jioni. Kwa familia inayokwenda Moshi kila Desemba, safari ya kilomita zaidi ya 500, tofauti hiyo si ndogo.

Sisemi kila gari la zamani ni mzigo. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta za kutatanisha, imebeba wagonjwa, watalii na mbegu katika nchi hii kwa miaka mingi, na mafundi wanaijua hadi vijijini. Anayeishi kwenye njia ya tope na mawe akichagua gari kama hilo lililotunzwa, amechagua kwa akili. Ndiyo sababu Land Cruiser na Prado nzuri hazishuki bei upesi: soko linajua uimara wake. Ukiona gari la kifahari limeshuka bei kupita kiasi, ujue soko limejua jambo pia.

Lililo kubwa kuliko fedha ni uhai wa watu watakaokaa ndani. Hapa gari kubwa la zamani lina hoja yake, kwa kuwa uzito na ujenzi imara husaidia linapogongana na jingine. Lakini usalama nao unazeeka. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ililazimika kubadilishwa kwenye mamilioni ya magari ya BMW, Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengineyo, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Kemikali iliyomo huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, na mfuko unapofunguka unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva au abiria. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Gari linaweza kuwa limeuzwa na kusafirishwa bila mfuko huo kubadilishwa. Chukua namba ya chesisi, uiulizie kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari au kwenye tovuti yake. Usione haya kulifanya hilo kabla ya kulipa.

Angalia na matairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata nzima na bado mpira wake umekauka. Gari la kifahari lenye matairi ya bei chee, breki za kubahatisha na shokapu zilizokufa halina ufahari wowote litakapotakiwa kusimama ghafla mbele ya mtoto anayevuka.

Najua kinachotusukuma. Kwetu gari ni salamu. Ukifika msibani au kwenye kikao cha harusi, kuna macho yanayotazama umeshuka kutoka wapi kabla hujasema "poleni" au "hongereni". Wapo waliokopa mikopo ya kausha damu ili macho hayo yaridhike, kisha ada ya shule ikachelewa na bima kubwa ikaachwa. Heshima ya namna hiyo ni ghali, na wanaoilipia mara nyingi ni watoto, ambao hawakuulizwa.

Katika mazungumzo yale ya yadini, aliyeniwekea jambo sawa ni mke wa mdogo wangu. Alichukua simu akasema, "Shemeji, mimi nataka gari litakalotufikisha, na kesho yake tubaki na hela ya kula." Sikuwa na la kuongeza. Walichukua Sienta.

Kwa anayeelekea yadini na swali kama hilo, ushauri wangu ni huu. Kaa kwanza na mwenzako, mkubaliane gari ni la kazi gani na litapita njia gani. Usimalize fedha zote kwenye bei. Tenga za matairi, oili, breki, bima na hitilafu ya kwanza, kwa sababu itakuja. Mlipe fundi wako mwenyewe alikague gari, asiwe fundi wa muuzaji. Kama baada ya hayo unaweza kulilea gari la kifahari la zamani bila kugusa ada, matibabu wala chakula, linunue na ulifurahie, ni haki yako. Kama huwezi, chukua la kawaida lenye umri mdogo, wala usiinamishe kichwa mbele ya mtu yeyote. Mzazi anayefikisha watu wake salama kwa gari alilolipia na analoweza kulitunza ametimiza wajibu wake.