Mtungi Mmoja

Gesi ya naitriki oksaidi hutoka kwenye eksozi za magari, nasi huihesabu kuwa uchafu wa hewa. Hospitalini hununuliwa kwa bei ghali. Mtoto aliyezibwa tundu la moyo huweza kutoka salama chumba cha upasuaji, kisha usiku mishipa ya mapafu yake ikakaza ghafla na upande wa kulia wa moyo ukashindwa kusukuma damu. Hapo huvutishwa gesi hiyo kupitia mashine ya kupumulia, kiasi kidogo mno, mara nyingi sehemu 20 katika kila milioni. Mishipa ya mapafu hulegea. Ikiingia kwenye damu, hemoglobini huidaka papo hapo, isishushe shinikizo la mwili mzima. Waliogundua kwamba mwili wenyewe huitumia gesi hii kama ishara walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Tabu iko kwenye kuiacha. Ukifunga mtungi ghafla, shinikizo linaweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo, hata kwa mtoto ambaye gesi haikuonekana kumsaidia. Hupunguzwa kidogo kidogo, pengine kwa msaada wa sildenafili (ndiyo, ile ile Viagra ya vijiweni).

Sasa tuseme mtungi ni mmoja na watoto ni wawili. Wa kwanza anautumia tangu jana. Wa pili ameletwa sasa hivi, hoi zaidi. Wengi walioandika juu ya maadili ya tiba hushikilia kwamba kutompa mtu tiba na kumwondolea aliyokwisha kuanza ni mamoja. Nawaelewa: vinginevyo daktari angeogopa kuanza chochote. Lakini hoja yao hudhani mgonjwa anabaki yule yule. Huyu wa kwanza amebadilika. Kumfungia gesi leo ni kumtupa chini ya pale alipokuwa jana, na sisi ndio tuliomfikisha hapo. Kwangu huko ni kunyang'anya.

Lakini kutangulia hakumpi umiliki. Tafiti za watoto waliopasuliwa moyo hazijathibitisha kwamba gesi hii hupunguza vifo, ingawa vipimo hutengemaa. Kwa hiyo tungemhatarisha wa kwanza kwa faida isiyo na hakika kwa wa pili. Ningeanza kumpunguzia taratibu, saa hii hii, na wa pili angengoja kwa dawa nyingine. Mama wa mtoto wa kwanza alistahili kuambiwa jana, kabla mtungi haujafunguliwa, kwamba huenda tukauomba.