Mwacheni Mpishi Apike

Wanangu, mna neema ambayo sisi hatukuipata. Mpishi unayempenda, awe Mombasa, Muscat au New York, unamfungua kwenye simu naye akakusomesha umesimama mbele ya jiko lako mwenyewe, na ukipitwa unamrudisha nyuma aseme tena. Sisi tulifundishwa kwa kufukuzwa jikoni, kisha kuitwa tena kumenya vitunguu. Kwa hiyo siwabezi. Linaloniudhi ni moja: mnamwalika mpishi nyumbani, halafu mnamnyang'anya mwiko.

Nawasikia. "Siagi sina, natia mafuta ya alizeti. Kasema kuku, mimi nina nyama ya ng'ombe. Dakika arubaini na tano nyingi, nitaongeza moto." Chakula kikishuka hakina mbele wala nyuma, na lawama anabebeshwa mpishi: ati mapishi yake ni ya kupigia picha tu. Mapishi yapi, mwanangu? Yake hukuyapika.

Chukueni mchuzi wa nyanya wa Marcella Hazan, wa kulia makaroni au spageti. Huyu alikuwa Mwitaliano wa mji wa Cesenatico, msomi wa sayansi, na upishi hakuujua mpaka alipoolewa, akahamia New York mwaka 1955 akajikuta hana budi kumpikia mumewe. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1973. Mchuzi wake huo umepikwa na watu wasiohesabika, na vitu vyake ni hivi: nyanya pungufu kidogo ya kilo, au vikombe viwili vya nyanya za kopo pamoja na maji yake, siagi vijiko vikubwa vitano, kitunguu kimoja kilichomenywa na kukatwa nusu kwa nusu, chumvi. Unaviweka vyote sufuriani pamoja, moto mdogo, bila kufunika, dakika 45, ukikoroga mara moja moja. Mwishoni unaopoa kile kitunguu. Basi.

Mtu wa pwani akisoma hayo mkono unamwasha. Kitunguu saumu kiko wapi? Mbona kitunguu hakikaangwi? Hata bizari kidogo? Pilipili hoho je? Na kitunguu kuopolewa! (Hicho msikitupe, kileni na mkate.) Najua mtakachofanya: mtakaanga kitunguu mpaka kiwe chekundu, mtatwanga saumu na tangawizi, mtatia dania juu. Mtakula mchuzi mtamu, sikatai. Lakini mchuzi huo mliujua tangu utotoni. Hamkumsikia Marcella hata neno moja. Hamkujua kwamba siagi huivunja ukali nyanya bila sukari, wala kwamba kitunguu kisichokaangwa hutoa utamu wa namna nyingine kabisa, mpole, unaokaa nyuma ya nyanya badala ya kuipanda kichwani.

Ndiyo maana nasema mara ya kwanza pika kama alivyosema, hata pale moyo wako unapokataa. Pale hasa unapokataa. Penye kukushangaza ndipo penye elimu. Kwingine kote anarudia unayoyajua.

Ila kumtii mpishi si kazi ya kasuku. Yeye anasema na jiko lake, na mengi hayasemi kwa sababu kwake ni ya kawaida. Wapishi wa Marekani, kwa mfano, wengi hutumia chumvi ya chembe kubwa, na kijiko chake kimoja chaweza kuwa na nusu tu ya uzito wa kijiko cha chumvi yetu laini. Fuata kijiko kwa kijiko uone kama chakula kitamezeka. Vijiko vyenyewe havilingani: kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15 kwa Wamarekani na Waingereza, lakini Australia ni 20. Kikombe cha Wamarekani ni kama mililita 240, wala si kile kikombe cha chai chenye maua. Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Ni bora kuliko mashine nyingi mnazozitamani.

Mchele nao. Mpishi akikwambia basmati, iloweke nusu saa, uitie maji kiasi fulani, kipimo hicho ni cha basmati. Ukichukua mchele wa Kyela, tena wa mavuno mapya ambao bado una unyevu wake, kwa maji yaleyale utapata bokoboko. Na mlioko Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, maji yenu huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Maharage ya mpishi wa Tanga yatachelewa kuiva kwenu, wala hajawadanganya.

Palipo na uongo ni kwenye dakika za vitunguu. "Kaanga dakika tano mpaka viwe vya kahawia." Vya nani hivyo? Kitunguu kikipata rangi kwa dakika tano kimeungua nje na ndani kibichi. Mpishi akikutajia saa pamoja na rangi, shika rangi. Akitaja harufu, shika harufu. Kwenye simu kitunguu kilikatwa jana na video ikakatwa leo.

Wageni msiwajaribie. Mapishi mapya ni ya watu wa nyumbani.

Na viungo msinunue kwa mbwembwe. Mtu kaona mapishi yenye zafarani, karudi na kikopo cha bei ya kuku wawili, mwakani kipo palepale hakina harufu. Nenda kwa muuza viungo wa sokoni, akupimie kidogo kwenye karatasi.

Mkishapika kwa utiifu, na mkala kwa utulivu, hapo badilisheni, kitu kimoja kwa zamu. Punguza siagi leo, uone. Ukibadilisha vinne kwa pamoja hutajua kilichoharibu ni kipi wala kilichotengeneza. Andikeni pembeni kwa kalamu. Na mgeni akisifu, mtajeni mwenyewe: hiki ni cha fulani, mimi nimepunguza pilipili.

Nimebakiza jambo. Madhur Jaffrey, ambaye vitabu vyake vya mapishi ya Kihindi vimefika kila pembe, alikwenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji bila kujua kupika. Akamwandikia mama yake huko Delhi, mama akawa anamtumia maelekezo kwa barua. Lakini chakula cha mama yake alikuwa ameshakila. Ulimi wake ulijua unakokwenda. Nanyi mnao wapishi mlioshiba mikononi mwao: shangazi, bibi, yule mama wa shughuli ambaye pilau lake mnaliota. Hawa hamwafuati kwa sababu hawana vipimo. Ukiuliza chumvi kiasi gani, "kiasi." Maji? "Yafunike tu." Mwaka 2020 Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia, pamoja na Julia Turshen walitoa kitabu cha mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika zinazoguswa na Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa hiyo kuandika vipimo vyao inawezekana.

Nendeni kwa mmoja wao Jumamosi, asubuhi, na ile mizani. Msimuulize. Keti kwenye mbuzi umkunie nazi, umwache afanye kama siku zote, na kila mkono wake unapotoka kwenye kopo la chumvi au la bizari, weka kibakuli katikati kabla haujafika chunguni. Pima, andika, mrudishie. Atawatukana kidogo kwa kumchelewesha. Endeleeni kupima.