Samaki Hawakuingia Safinani

Nilipostaafu ualimu na kumaliza nyumba yangu ndogo upande wa Makoko, hapa Musoma, ambako upepo wa ziwa huingia dirishani pasipo kupiga hodi, nilimwendea fundi wa vioo nikamwomba anitengenezee tangi la kufugia samaki, urefu wake mita mbili, upana na kimo chake nusu mita na ziada kidogo, lenye kuchukua maji kiasi cha lita 600. Lilipokwisha kuungwa na gundi yake kukauka, likasimama sebuleni tupu, wajukuu wakipokezana kubandika nyuso zao kiooni, ndipo nilipofahamu kwamba kazi niliyodhani imekwisha ilikuwa haijaanza. Swali lilikuwa limesimama pamoja na tangi: nani aingie, na nani abaki nje?

Yamkini msomaji ataliona hili kuwa swali la mchezo, la mzee aliyekosa shughuli. Lakini na atafakari kidogo. Mwenye tangi ndiye anayeamua nani ataishi na nani, nani atakula nini na kwa saa gani, nani atazaa na nani atakufa tasa. Na hao wanaoamuliwa hawana baraza la kupeleka rufani, wala hawana sauti ya kulalamika. Katika umri wangu wote, hata nilipokuwa nimesimama mbele ya darasa la watoto hamsini na chaki mkononi, sikupata kushika mamlaka makubwa kama niliyoyashika juu ya lita 600 za maji. Na mamlaka, hata yakiwa ya kadiri ya sebule, hayana budi kuulizwa yametoka wapi na yatajibu kwa nani.

Asubuhi moja nilishuka mwalo wa Mwigobero na ndoo yangu, saa ambayo wavuvi wa dagaa hurudi na taa zao zilizozimwa, macho mekundu kwa kukesha. Mzee mmoja alikuwa ameinamia lundo la dagaa, akiondoa visivyo dagaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Ndoo hiyo ni ya kitoweo au ya maji?"

"Ya maji, mzee. Nataka wa kufuga."

Alicheka hata akakaa chini. Akaniambia furu nichukue nitakavyo, maana hao hawana bei. Lakini aliponiona nimemkazia macho mmoja mwembamba, urefu wa kidole, mwenye madoa ubavuni na jicho linalong'aa kama kaa la moto, alitikisa kichwa. "Huyo ni sangara, mwalimu. Ukimfuga huyo utalisha kinywa kimoja na kuzika vingi." Maneno yalikuwa wazi, tena ya bure, lakini mtu aliyezoea kufundisha ni mzito wa kufundishika, nami nikamtia ndoo moja na furu kumi na wanane.

Kwa majuma ya kwanza amani ilikuwako, na nikajisifu moyoni. Kisha hesabu ikaanza kupungua: kumi na wanane wakawa kumi na mmoja, kumi na mmoja wakawa wanne, wala sikuona mzoga, wala mwiba, wala gamba. Jibu nililipata alfajiri moja nilipowasha taa: sangara ametulia kati ya maji kwa haiba yake yote, na mkia wa furu umetokeza mdomoni mwake, ungali ukipunga. Hasira ilinipanda juu yake. Lakini kabla sijafika jikoni kuchukua kisu, haya ilinirudisha. Sangara amekosa nini? Ametenda lile aliloumbiwa, katika mahali ambapo hakujipeleka. Dhambi, ikiwa ipo, haikuwa ya kinywa kilichomeza, bali ya mkono uliochukua ndoo.

Hapo ndipo nilipotazama nje dirishani, nikaliona tangi kubwa kupita langu, lenye kilomita za mraba 68,800, ambalo nalo liliwahi kuulizwa swali hilo hilo. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 kutoka maziwa mengine, kwa kuwa baadhi ya wakuu wa wakati ule waliwatazama furu, wadogo na wenye miiba, wakawaona takataka isiyo na thamani mpaka igeuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa. Hawakukosa wa kuwaonya: Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameandika kwamba kuleta samaki mla wenziwe kutoka mahali pengine ni hatari kubwa pasipo uchunguzi wa kutosha, na Geoffrey Fryer alilipinga jambo hilo mwaka 1960. Amma sato, ambaye leo kila mpishi wa Musoma humhesabu kuwa mwenyeji wa tangu na tangu, naye ni mgeni wa miaka ile ile ya 1950. Wenyeji hasa ni ngege na mbiru, ambao vijana wengi hawawajui hata kwa jina.

Sangara hakuonyesha nguvu zake siku ile ile. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 furu walikuwa bado ndio wengi, takriban sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wote wa ziwa. Miaka ya 1980 mizani ikapinduka. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na wataalamu hukadiria kwamba aina kama 200 zilitoweka au zikawa karibu na kutoweka, si kwa kinywa cha sangara peke yake, bali pia kwa nyavu zetu na kwa uchafu tuliouachia mito ituletee.

Ninaposoma habari za tufani ya Nabii Nuhu, kuna jambo nililipita miaka mingi bila kulitia maanani. Waliopandishwa safinani ni wale ambao maji yangewaua. Samaki hawakuhitaji safina, kwa sababu gharika ya wengine ilikuwa maskani yao. Ajabu ya zama zetu ni kwamba tumeleta tufani ambayo hata samaki ndani ya maji hawezi kuiokoka, hata ikabidi baadhi ya furu wa ziwa hili wachukuliwe wakafugwe katika matangi ya Ulaya na Marekani, vizazi kwa vizazi, wakilindwa na watu ambao aghalabu hawajapata kuuona ufuko wetu. Safina ya leo ni ya kioo, na imeegeshwa ugenini.

Miongoni mwa hao wa ugenini yumo mmoja ambaye jina lake lapasa litushtue sisi watu wa Mara. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka katika urais, wataalamu wawili wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Mwanza walimwandika furu mmoja wa miambani na kumpa jina nyererei, kwa taadhima ya mwana wa Butiama. Na baadaye kabila la samaki huyo likaitwa kwa neno letu wenyewe, Pundamilia. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama. Hupatikana kwenye miamba ya visiwa vya kusini-mashariki mwa ziwa, pamoja na vile vya Ghuba ya Speke, ghuba ile ile inayoilamba wilaya ya Bunda. Wafugaji wa samaki wa nchi za mbali humjua na kumtaja kwa jina. Huku Butiama, alikozaliwa na kuzikwa mwenye jina, nimeuliza wazee na vijana, sikumpata aliyepata kumsikia. Na tena habari hii ina kichekesho chake: samaki aliyepewa jina la mwalimu wa ujamaa hamvumilii kamwe dume mwenziwe mwenye rangi kama yake.

Samaki huyo ana fundisho jingine. Jike huchagua mume kwa rangi, naye hutofautisha mwekundu na jamaa yake wa buluu kwa macho tu. Maji yakifanyika tope, rangi hazionekani. Jike hukosea, aina mbili huchanganyika, na tofauti iliyochukua zama kusimama hupotea pasipo hata mmoja kuliwa. Kumbe hata kuchagua kwahitaji maji safi. Nasi binadamu, mara ngapi tumechagua ndani ya tope tukaapa kwamba tumeona?

Yuko atakayenipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: sangara amejenga nyumba za bati kutoka Musoma hata Kisorya, amelipa karo, bondo lake linauzwa ghali ng'ambo, na hata panki lililobaki kiwandani limekaangwa na akina mama likalisha waliokosa minofu, je, mtoto wa binadamu na furu, nani mzito mizanini? Namjibu bila kusita kwamba ni mtoto. Lakini mizani haikupata kuwekwa mbele ya mtoto huyo wala mbele ya mzazi wake. Waliochagua walichagua kwa niaba ya ziwa zima, na sangara alipojaa katika miaka ya 1980 wengi wao walikuwa wamekwisha rudi makwao. Mimi niliyekosea kwa lita 600 nililazimika kuuona mkia ukipunga, wao hawakuuona. Tofauti kati ya mwenye amana na mwenye amri ni hiyo: mwenye amri hutoa neno akaenda zake, mwenye amana hubaki na matokeo. Vitabu vya dini vyatufundisha kwamba mwanadamu amefanywa khalifa juu ya ardhi, na kwamba amana ilipotolewa, mbingu na milima viliiogopa, naye akaibeba. Milima haikuwa na ujinga.

Basi nilianza upya. Sangara nilimrudisha Mwigobero kwa ndoo ile ile, katika maji aliyotoka, na yule mzee akasema tu, "Amerudi na shibe yake." Kisha nikaacha kuuliza ni samaki gani atakayenipendeza, nikauliza ni yupi ninayeweza kumpa kile alichoumbiwa kukihitaji. Kwa swali hilo wengi walijitoa wenyewe. Ningu hupanda mito wakati wa masika akazae, nami sina Mto Mara sebuleni. Domodomo ataka giza, na nyumba yangu ina wajukuu wapendao taa. Kamongo atakua mpaka tangi limwenee kama jeneza. Sato atachimba na kung'oa kila kilichopandwa. Nikabaki na furu wa miambani, dume mmoja na majike watano, na mawe niliyoyapanga yenye mapango ya kutosha kila mnyonge apate pa kujificha.

Juzi niliona jike mmoja amejitenga nyuma ya jiwe, koo limevimba, hagusi chakula. Alikuwa ameyabeba mayai yake kinywani, na atafunga hivyo karibu majuma matatu. Na hata wana watakapotoka, hatari ikija watarudi kinywani kwa mama. Nilikaa chini nikamtazama muda mrefu. Kinywa kile kile ambacho kwa sangara ni kaburi, kwa jike huyu ni safina.

Nawe msomaji, ukiwa na tangi, liwe dogo au kubwa, liwe la maji au la watu uliopewa kuwaongoza, usimtie ndani ambaye huwezi kumtimizia haki yake; na ukichoka na samaki wa kigeni, usimmwage ziwani. Ziwa halina mlango wa kumtolea.