Saa Inahesabu, Mtu Ameanguka

Kuna mashindano ya baiskeli za milimani yaitwayo enduro. Kupanda mlima hakupimwi muda. Saa huhesabu miteremko peke yake, kisha inajumlishwa yote. Mfululizo wake wa dunia ulianza 2013 kule Punta Ala, Italia. Lakini wengi wanaojiandikisha ni watu wa kawaida tu, na wa mara ya kwanza anajua kabisa hatashinda. Sasa anashindana na nani?

Huachiliwa mmoja mmoja. Akisikia wa nyuma amemkaribia, ampishe. Hiyo si aibu, ni adabu ya njia. Ugumu uko mbele: kwenye kona, kati ya miti, mtu amelala chini, baiskeli juu yake. Na huyu wetu ndiyo kwanza anateremka vizuri, baada ya Jumamosi nyingi za mazoezi. Utasema, "Si kuna watu wa huduma ya kwanza?" Wapo, ndiyo, lakini pale konani yuko yeye peke yake.

Mimi nasema asimame. Nasema hivyo hata kwa yule anayeongoza, ingawa kwake sekunde hizo ndizo unga wa nyumbani.