Kupogoa Mwaridi na Swali la Maumivu

Kupogoa mwaridi ni kuukata mmea ulio hai ili ustawi. Ndiyo maana upogoaji umekuwa mfano wa siku nyingi wa kueleza kwa nini mtu mwema huteseka. Katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, Mungu ni mkulima anayeyasafisha matawi yanayozaa ili yazidi kuzaa. Mmea unaotajwa huko ni mzabibu, lakini kazi ya mkasi ni ile ile.

Mfano huo una msingi katika maumbile. Ncha ya tawi hutengeneza homoni ya oksini, inayoyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikikatwa, macho yaliyolala huamka. Mtunza bustani huanza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kisha hukata kwa mshazari, karibu nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya kichaka papate hewa na mwanga. Machipukizi yanayotoka chini ya mahali mche ulipobebeshwa huondolewa pia, kwa kuwa ni ya shina jingine. Baada ya hapo mmea humwagiliwa, huwekewa samadi na kutandaziwa nyasi kavu.

Hata hivyo mfano una mipaka miwili. Kwanza, mwanafalsafa Aristotle aliipa mimea roho ya kujilisha na kukua, bila hisia. Tawi lililokatwa haliwezi kumsemea mtu aliyefiwa. Pili, maua makubwa ni haja ya mpogoaji. Mwaridi wa porini huchanua na kuzaa mbegu bila mkasi. Penye baridi kali mmea hupumzika wenyewe, lakini Limuru au Lushoto, pasipo na baridi ya namna hiyo, ni mpogoaji anayeuamulia wakati wa kupumzika.

Kinachobaki katika mfano ni kumpima anayekata. Mkasi butu huponda tawi, mkasi mchafu husambaza ugonjwa, na kukata kupita kiasi hudhoofisha mmea. Ujuzi, kiasi na matunzo ya baadaye ndivyo vinavyotenga kupogoa na kuharibu. Muumini humtegemea Mungu kwa yote matatu. Mzazi, mwalimu au kiongozi anayewaumiza walio chini yake kwa jina la kuwapogoa anapaswa kuyaonyesha yote matatu, na zaidi ya hayo kuwasikiliza, kwa kuwa wao, tofauti na mwaridi, wanaweza kusema.