Kabla Hujaitoboa Besi Hiyo

Mwanangu, keti nikwambie. Maneno haya nimeyasema kwa vijana wengi. Wachache walisikia, wengi hawakusikia, na sasa nimechoka kuyasema. Lakini umeniletea besi ya Fender Precision ya mwanzoni mwa miaka ya 70, urithi kutoka kwa mjomba wako, pamoja na orodha ya mambo unayotaka ifanyiwe: ikwanguliwe rangi, itobolewe nafasi ya pikapu ya pili, daraja ling'olewe, waya zote zibadilishwe. Na kuipiga, bado hujaipiga vya kutosha hata ukaijua. Kwa hiyo nitasema tena, polepole, nawe nivumilie.

Neno langu ni moja. Kinachoweza kurudi kilivyokuwa, kitengeneze bila hofu. Kisichoweza kurudi, usikiguse. Maji yakimwagika hayazoleki. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Mjue kwanza aliyeibuni. Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na tangu 1938 alikuwa na duka lake la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California. Fundi wa namna hiyo hapendi kitu kisichofunguka. Alipoitoa Precision Bass mwaka 1951, shingo aliifunga kwa skrubu nne, hakuigandisha kwa gundi. Vidhibiti vya sauti vikaning'inia kwenye kibao kinachotoka kwa bisibisi. Pikapu unaitoa kwa kuyeyusha lehemu kwenye waya mbili tu. Besi hii ilizaliwa ikitarajia fundi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema besi kuukuu haiguswi, ifungiwe kabatini. Bisibisi na pasi ya kulehemia havinitishi. Vinavyonitisha ni msasa, tindo na keekee.

Basi anza kwa kuisikiliza inaumwa nini. Unasema inakwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, ndiyo maana unataka kung'oa kila kitu. Huo mkwaruzo ni vumbi na kutu ndani ya kidhibiti. Pulizia kidogo ile dawa wanayotumia mafundi redio, zungusha kitufe mbele na nyuma mara nyingi, mkwaruzo utaisha. Unasema sauti inakatika ukitembea jukwaani. Kaza nati ya tundu la waya, ukunje kidogo ule ulimi unaoshika plagi. Gharama yake ni dakika chache. Ukikuta kuvuma kusikokoma hata ukishika nyuzi, tafuta waya mmoja uliopita chini ya daraja. Huo ndio unaoziunganisha nyuzi na ardhi, na mara nyingi umekatika au umeshikwa na kutu. Na hapohapo ukague plagi ya amplifaya yako. Kama kuna mtu aliyekata mguu wa ardhi ili iingie ukutani, irekebishe kabla ya kitu kingine chochote. Wanamuziki wamepigwa shoti mdomoni kwenye maikrofoni kwa sababu hiyo, na wengine hawakuinuka.

Kisha shingo. Nyuzi nne zilizokazwa huivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, nasi tunaishi pwani ambako mbao hunywa unyevu wa masika na kukauka kaskazi. Lazima itasogea. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto huo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyobaki chini ya uzi karibu na freti ya nane. Unene wa karatasi mbili tatu unatosha. Ikizidi sana, shingo imepinda mbele. Isipokuwepo kabisa, imenyooka mno au imepinda nyuma. Kwenye besi yako nati ya fimbo hiyo imefichwa kwenye kisigino cha shingo. Basi legeza nyuzi, fungua skrubu nne, toa shingo, zungusha nati robo mzunguko, rudisha, kaza, ungoje hadi kesho. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayowafanya vijana wakose subira wakaikaza kwa nguvu zote. Nati ikigoma, acha. Fimbo ikikatika ndani, kuitoa ni kuupasua ubao.

Matundu ya skrubu yakilegea, usitie skrubu nene zaidi, maana itakula mbao ambayo hairudi. Tia kijiti cha mti mgumu na gundi ya mbao, kikauke, utoboe upya kwa skrubu ileile.

Pikapu isikutie wasiwasi kabla hujaipima. Ina vipande viwili, kila kimoja ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mara waya wa shaba mwembamba mno. Pima kwa mita. Ikisoma kilo-omu 10 au 11 hivi, ni nzima. Isiposoma chochote, waya umekatika mahali, aghalabu kwa kutu. Na kwa kuwa vipande hivyo vimeungwa kwa mfululizo, kimoja kikifa vyote viwili hunyamaza. Hapo usiitupe. Fundi mwenye mkono mtulivu ataufungua upande uliokufa na kuuzungusha upya kwa waya wa unene uleule, sumaku zikibaki ni zilezile.

Sasa kuhusu hayo unayotaka kuongeza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hamu yako naielewa. Unataka sauti kali zaidi, unataka pikapu ya Jazz Bass, ndugu wa Precision, karibu na daraja. Wengi walifanya hivyo miaka ya 70 na 80, wakachimba mbao, na mitindo ilipobadilika wakabaki na shimo. Ukitaka vidhibiti vipya, vifunge kwenye kibao kipya cha plastiki, ufunge na pikapu nyingine humohumo kwenye nafasi iliyopo. Kile cha zamani ukitoe kizima, pamoja na waya zake, ukiweke kwenye mfuko na uandike juu yake. Ukigeuza nyuma ya vidhibiti utaona tarakimu zimepigwa muhuri: tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji, kama 137 kwa CTS na 304 kwa Stackpole, na zinazofuata zinataja mwaka na wiki. Tarakimu hizo, pamoja na tarehe iliyo kwenye kisigino cha shingo, ndizo ushahidi wa umri wa besi yako. Anayetupa kidhibiti kibovu anatupa cheti cha kuzaliwa.

Rangi iache. Ile ya wakati huo ni ngumu na nene, na kuimaliza kwa msasa unalazimika kula na mbao, hadi ile mikunjo inayokaa vizuri kifuani ipotee. Wafanyabiashara wa magitaa makuukuu hukata hata nusu ya bei wakiona rangi si ya asili. Lakini sikwambii haya kwa ajili ya bei. Ile sehemu iliyochujuka juu ya pikapu ni mkono wa mjomba wako uliopumzika pale usiku mwingi. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Utaniambia habari za mpiga besi Jaco Pastorius, najua, maana wote huniambia. Ni kweli, alipiga Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti, mitaro imejazwa, ubao umepakwa epoksi ya mashua, na albamu yake ya 1976 ikabadilisha namna dunia inavyoisikia besi. Lakini fikiri. Wakati ule ilikuwa besi iliyotumika, chombo cha kazi, na muziki aliokuwa nao kichwani ulihitaji sauti hiyo. Wewe unao muziki unaohitaji hivyo? Kama unao, sitakuzuia. Nunua shingo isiyo na freti, uifunge kwa skrubu zilezile nne, ya mjomba uihifadhi. Mbuni wake alikwisha kukurahisishia.

Na mtazame James Jamerson, mpiga besi wa Detroit. Karibu kila wimbo mkubwa wa Motown wa miaka ya 60 una mkono wake. Besi yake ilikuwa Precision ya 1962, haikuongezwa kitu. Nyuzi zake zilikuwa laini, hakuzibadilisha mpaka zikatike. Chini ya kifuniko cha daraja palikuwa na sponji ya kuzizima, na alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Anayedhani sauti ile inapatikana kwa kutoboa mbao hajakisikia kidole hicho.

Tena besi huibwa. Ya Jamerson iliibwa muda mfupi kabla hajafa mwaka 1983. Ya Jaco iliibwa New York mwaka 1986. Besi ya Höfner ya Paul McCartney iliibwa London mwaka 1972 ikarudi kwake baada ya zaidi ya miaka 50. Basi leo hii piga picha za mbele, nyuma, kisigino na ndani, uandike namba yake na kila kovu. Kitu usichoweza kukieleza, huwezi kukidai.

Umebahatika kuliko waliokutangulia. Katika bendi zetu za dansi, tangu NUTA Jazz ya 1964 hadi DDC Mlimani Park ya 1978, vyombo vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri. Mpiga besi alihama bendi mikono mitupu, besi aliyoizoea akaiacha kwa atakayekuja. Wewe unayo mwenyewe, na hakuna wa kukuuliza. Mtu asiyeulizwa ndiye anayepaswa kujiuliza mara mbili.

Mjomba wako alikuachia besi ambayo bado unaweza kuifanya lolote, kwa sababu yeye hakuifanya lolote lisilorudi. Hiari hiyo uliyoikuta, mwachie na atakayeipokea baada yako. Mpaka siku hiyo ipige, itoe jasho, ikwaruzike kwa kazi halali. Na ikikusumbua, niletee tuifungue pamoja. Kwa hilo, mwanangu, sijachoka.